Mfalme Asiyepanda Farasi

Nilirudi nchini na stashahada ya ufundi wa majokofu, na watu wa kwetu wakacheka. Walisema mtu mwenye akili zake hatoki Iringa akakae Gaborone miaka kumi na mmoja kujifunza kutengeneza baridi, kisha akairudisha Nyanda za Juu Kusini, ambako baridi hutolewa bure kila asubuhi. Niliwaacha wacheke. Leo nina karakana yangu Mwanjelwa, jijini Mbeya, na wenye mabucha hawapati usingizi wiki ambayo sijapita. Stashahada nimeitundika ukutani, usawa wa macho ya mteja aliyekaa. Sikurithi hata spana. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyeitwa nyumbani Kihesa, Iringa, kutoa hukumu.

Aliyeniita ni dada yangu mkubwa, na wa kuhukumiwa alikuwa mtoto wa marehemu kaka yetu. Kaka alifia Nyololo, kwenye barabara ya kwenda Mbeya, katika ukungu. Kijana alikuwa kiti cha mbele pembeni yake. Alitoka na mchubuko wa kiwiko. Baba yake hakutoka. Kijana alikuwa na miaka kumi na tisa. Baada ya arobaini ukoo ulimvika koti la baba yake, maana kwetu ndivyo tunavyofanya: anayevikwa koti ndiye anayepokea wageni, ndiye anayesema kwa niaba ya nyumba. Lilikuwa koti la kahawia, zito, na mikono yake ilimfika kwenye kucha. Tangu siku ya ajali hakupanda gari tena. Anakokwenda, anakwenda kwa miguu.

"Limemshinda," dada aliniambia kwenye simu. "Njoo, Jumamosi tunakaa kikao. Tumvue tukuvike wewe. Wewe angalau una cheti."

"Stashahada," nilimrekebisha.

Sitadanganya kwamba sikulitaka lile koti. Usiku ule nilijipima mbele ya kioo nikiwa na koti langu mwenyewe.

Kosa la kijana lilikuwa hili. Mwezi wa pili walikuja wageni kutoka Mbeya kuzungumza mahari ya mdogo wake wa kike. Wageni kwetu hukaribishwa kwa ulanzi, ule utomvu wa mianzi. Ukiwa mpya ni mtamu, tunauita mtogwa, na hata mchungaji anaweza kuunywa kisha akapanda mimbarani. Ukikaa siku mbili unakuwa mkangafu, na huo ni kitu kingine. Wageni walikuwa watu wa kanisa. Walimiminiwa wakiamini ni mtogwa, na kumbe ni mkangafu wa kutosha kuwashia jiko. Mzee aliyeongoza msafara, mzee wa kanisa mwenye tai, alikunywa vikombe vitatu kwa heshima, akasimama kutaja mahari, akaongeza ng'ombe wawili ambao hakutumwa nao, akawaondoa, akawarudisha, kisha akaomba aoneshwe choo na hakurudi. Walimkuta amelala kwenye mahindi ya jirani, tai imekunjwa vizuri mfukoni. Wageni waliondoka bila kuaga, na uchumba ukabaki unaning'inia.

Nilifika Kihesa Ijumaa mchana. Mama alikuwa sebuleni akichambua maharage, na kijana yuko chini kwenye mkeka, pedi ya gemu mkononi, macho kwenye televisheni.

"Kamwene," mama akanisalimu bila kugeuka. "Kaa chini, unatuziba. Huyu mtoto yuko vitani."

Mtoto mwenyewe alikuwa mfalme. Kijana alinieleza gemu lenyewe huku akibonyeza. Mfalme huyo, akiwa na miaka tisa, aliona baba yake akichinjwa juu ya farasi. Akavikwa taji lililomfunika masikio. Tangu hapo hataki farasi, analala na taa, na wakuu wake wa vita wanamcheka. Kwa kuwa hapandi farasi, hafiki mahali kwa wakati, na miji yake inaanguka mmoja mmoja.

"Umepoteza mingapi?" nikauliza.

"Minne, baba mdogo."

"Halafu unamwonea huruma?"

"Ndivyo gemu lilivyo. Ukimgombeza sana anajifungia chumbani."

Sikuweza kunyamaza. Nilimwambia mfalme ni mfalme. Ana ngome, ana washauri, ana mtu wa kumshikia hata mwavuli. Mimi nilimzika baba nikiwa na miaka kumi na sita, nikavuka mipaka na begi moja lililofungwa kwa kamba ya katani, na hakuna aliyeniuliza kama nalala na taa. Mji ukianguka kwa sababu mfalme anaogopa farasi, watu wa mji ule wamepata hasara ya kweli, na huruma yako haiwarudishii nyumba. Niliongea vizuri. Nilijisikia nikiongea vizuri.

"Huyo mtoto amekula?" mama akauliza.

"Bibi, wa kwenye gemu hawali."

"Tangu asubuhi unamwendesha vitani na hajala. Mume wangu, wewe ni katili." Mama humwita mjukuu wake mume wangu, kama mabibi wote. Akaokota jiwe kwenye maharage akalitupa dirishani. "Na kama farasi anamtisha, hana punda?"

Kijana alianza kucheka, kisha akaacha kucheka. Alimpeleka mfalme nyuma ya ngome, kwenye mazizi, akazunguka kati ya magunia. Kulikuwa na punda wa kubebea nafaka. Akabonyeza. Mfalme akapanda, taji limeinamia sikio moja, wakaondoka taratibu mno kiasi kwamba kuku walikuwa wanawapita.

Walipofika, mji wa tano ulikuwa umeshaanguka.

"Unaona?" nikasema.

"Lakini amefika," mama akasema. "Katuletee maziwa kwenye friji, umeongea sana."

Nilikwenda jikoni. Maziwa yalikuwa yamechacha, yamekatika vipande. Niliweka kiganja ndani ya friji nikahisi joto kama la mfukoni, na hapo nikafurahi, lazima niseme ukweli, maana fundi akikuta friji bovu nyumbani kwao ni kama mwalimu kukuta ubao mtupu. Nilichukua tochi na bisibisi, nikafungua kifuniko cha ndani. Kuna kimrija chembamba cha shaba kinachopima baridi na kuamuru mashine izime. Kina mahali pake. Hiki kilikuwa kimeegeshwa kwenye bamba la barafu lenyewe, kwa hiyo kilihisi baridi haraka kikazima mashine kabla friji halijapoa. Kosa la mwanagenzi wa wiki ya kwanza. Nikatafuta ni fundi gani mjinga wa hapa Iringa. Kimrija kilikuwa kimefungwa kwa utepe wa bluu, mizunguko mitatu, ncha imekunjwa ndani.

Mimi ndiye ninayekunja ncha ndani. Hakuna mwingine. Nilitengeneza friji lile mwezi wa saba mwaka uliotangulia, nilipokuja likizo, na mwezi wa saba Kihesa hata kabati la nguo ni friji. Hakuna aliyegundua kitu mpaka joto lilipoingia.

Nilizima tochi. Kisha nikamwita kijana.

"Ule ulanzi wa wageni uliuweka humu?"

"Ndiyo."

"Siku ngapi?"

"Mbili. Mianzi yetu iko kijijini, kwa miguu ni kutwa nzima. Nisingeweza kuufuata asubuhi ile ile."

"Mwenyeji huonja kwanza. Kwa nini hukuonja?"

Alitazama utepe wa bluu. "Baba mdogo, ulisema kitu kilichokaa kwenye baridi yako hakionjwi, kinanywewa tu."

Ni kweli nilisema. Ni maneno mazuri, huwa nawaambia hata wateja.

"Ulijua ni friji?"

"Nilijua siku ile ile. Nilikuta maziwa."

"Na umekaa mwezi mzima unatukanwa?"

"Shangazi angewaambia watu wa Mbeya. Wewe una wateja huko."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa, akarudi kwa mfalme wake. Nilikirudisha kimrija mahali pake. Siku ile nilikunja ile ncha mara nne.

Jumamosi mchana tulikaa kikao, viti vya plastiki uani, ukoo mzima. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye mgongo wa kiti kitupu katikati. Kijana alisimama pembeni na shati tu. Dada alisoma mashtaka bila karatasi: hapandi gari, kwa hiyo hafiki msibani kwa wakati, hakuhudhuria harusi ya kule Makongolosi, na amewalewesha wakwe.

"Mzee wa kanisa," alisema. "Kwenye mahindi. Kaka yangu angekuwa hai angejificha. Mtamwonea huruma mpaka lini? Wote tulifiwa."

Watu waliguna kukubali. Yalikuwa maneno yangu ya jana, na kwa mdomo wa dada hayakusikika vizuri kama kwa wangu. Kisha wakanigeukia. Lile koti lilikuwa mita mbili kutoka kwangu. Ningenyamaza tu, lingekuwa langu kabla ya chai.

Nilisimama nikawaeleza namna jokofu linavyofanya kazi. Nilianza mwanzo kabisa, kwenye gesi, maana nusu ya ukoo wetu wanadhani baridi inaingia kwa waya. Nilipofika kwenye kimrija nikawaonyesha kwa kidole urefu wake. Nikasema kosa hili ni gumu kuligundua, na katika ukoo huu, pengine katika mkoa huu, mwenye elimu ya kuligundua ni mimi peke yangu.

"Sasa nani alilifanya?" mjomba mmoja akauliza.

"Nalo nililifanya mimi."

Dada alinitazama kama kwamba ndimi niliyekutwa kwenye mahindi.

"Wewe mdogo wangu," akasema taratibu, "hiyo stashahada ilikuwa ya kutengeneza au ya kuharibu?"

Walicheka, na walicheka muda mrefu, mjomba mpaka akashika kiti. Nilisubiri wamalize. Kisha nikasema kijana alijua mwezi mzima na hakunitaja, na anayejua kumfichia mtu wa nyumba yake aibu ndiye hasa anayestahili kusema kwa niaba ya nyumba. Sikuwa nimeliandaa hilo. Lilitoka lenyewe, na sijawahi kusema kitu bora zaidi, hata kwa wateja.

Dada hakukata tamaa. "Sawa, friji lilikuwa lako. Lakini wakwe wanataka kuombwa radhi, na mwenye koti ndiye anayeomba. Mbeya haifikiki kwa miguu. Atapita Nyololo?"

Kijana alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama kiwiko cha koti, penye tundu ambalo hatukulishona tangu baba yake alipofia ndani ya koti hilo.

Mama aliweka ungo chini. "Atakwenda na punda mpaka punda atakapochoka," alisema. "Atakapoishia, baba yake mdogo apokee mzigo aende nao. Koti lirudi mgongoni kwake. Nimemaliza, maharage yangu yanaungua."

Wengi hawakuelewa habari za punda, lakini kwetu mama akisema maharage yanaungua kikao kimefungwa.

Jumatatu asubuhi punda alikuja, bajaji ya kijani, imekaa mguu sawa mlangoni. Kijana alivaa koti. Alikaa katikati ya kiti, akashika chuma kwa mikono miwili, dumu la mtogwa mpya likiwa kati ya miguu yetu. Nilimwambia dereva aende polepole kiasi kwamba akipitwa na kuku asione aibu. Kijana alifunga macho kwenye mteremko wote wa kushuka Ipogolo, huko chini mji unakokutana na barabara kuu. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho, na kulikuwa na baridi, baridi ya bure. Tulipofika alishuka, akayatazama magari yanayokwenda Mbeya, akavua koti akanipa.

"Hapa, baba mdogo," akasema. "Leo ni hapa."

Nililivaa mimi. Lilinibana tumboni kwa namna ambayo kioo changu hakikuwahi kuniambia. Kijana akageuka kupanda mlima kwa miguu.

Wakwe walinipokea vizuri. Niliomba radhi nikalitaja na friji, maana nilikuwa nimeshazoea. Mzee wa kanisa alionja mtogwa, akakitazama kikombe kwa huzuni kidogo.

"Lile friji mmeshalitengeneza?" akauliza.

"Nimelitengeneza mwenyewe, mzee."

"Haya," akasema, akakiweka kikombe chini. "Na mwenye koti mbona hakuja?"

Walikuwa wanajua habari za Nyololo. Nilifikiria kusema anaumwa, au ana kazi, au gari lilijaa.

"Amefika Ipogolo," nikasema.

Mzee aliwaza. Anaijua Ipogolo, ameipita mara nyingi, na anajua kutoka Kihesa mpaka pale mtoto wa shule hufika kabla kiatu hakijapata vumbi. Aliwatazama wenzake, nao wakamtazama.

"Ni mbali," akasema. Kisha akatuambia tukae, tuzungumze habari ya ng'ombe.