Achiel na Kamera ya Macho ya Njiwa

Achiel Verbrugghe alikuwa hamwamini mtu, na kama kuna kijiji kinachoweza kumlea mtu wa namna hiyo mpaka akanenepa, ni hiki chetu cha Zandhoek, huku Ubelgiji. Sisi tunafuga njiwa wa mbio. Mwenzako akikusalimia habari za asubuhi, unachungulia kwanza dirishani kama kweli kumekucha. Tunakagua saa za mbio za wenzetu, tunazisoma pete za miguuni mwa ndege mara mbili, tunanyoosha shingo juu ya ukuta wa jirani tuone anawalisha nini. Achiel alituzidi wote. Hata mzani wa kanisa wa kupimia nafaka za msaada aliwahi kuuhoji.

Lakini alikuwa na kazi moja ambayo sisi sote tulimwamini nayo. Alipiga picha macho ya njiwa.

Asiyefuga atacheka, na acheke. Kwetu njiwa hanunuliwi kwa mabawa peke yake. Mnunuzi anataka jicho, ule mduara wa rangi unaoizunguka mboni, kwa sababu wanaojua wanasema humo ndimo unamoonekana ukoo wa ndege na nguvu zake. Wapo wanaoapa kabisa kwamba jicho la zambarau huzaa mabingwa. Mimi sina hakika, ila nikimpata wangu wa jicho hilo, usije kwangu na bei ya njiwa wa supu. Kila majira ya baridi chama chetu huuza ndege, na wanunuzi wa mbali huchagua kwa picha. Miaka kumi na tisa picha zile alizipiga Achiel, bure, na ujira wake ulikuwa mstari mmoja chini ya kila ukurasa: Picha na A. Verbrugghe. Mtu akishauona mstari huo, hakuuliza zaidi.

Basi mwaka huo, Jumapili ya pili ya Januari, akaingia Mholanzi mmoja katika mkahawa tunamokutana, kikapu mkononi. Akamtoa njiwa aliyemnunua kwetu, akamweka mezani, na picha kando yake. Kwenye picha, jicho zambarau tupu. Kwenye ndege, jicho rangi ya karoti.

"Nani kati yenu ni Verbrugghe?" akauliza. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Wanunuzi wengine wawili walikuwa wameshapiga simu kwa malalamiko hayo hayo. Na kibaya kuliko vyote, mmoja wa wale ndege watatu alikuwa ametoka katika banda la Achiel mwenyewe.

"Achiel," akasema Odiel Dewaele, katibu wa chama, mwembamba, mpole, aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. "Hebu tueleze."

"Kamera imechoka."

"Imechoka, halafu ikampendelea ndege wako?" akadakia mtu kutoka kaunta, na watu wakacheka. Si kicheko kizuri.

Achiel damu ikampanda. "Kabla hamjanicheka mimi, muulizeni katibu wenu! Nani aliazima kamera yangu Novemba kwa ubatizo wa mjukuu wake? Iliporudi nilikuta kitufe cha rangi kimesogezwa. Mimi rangi naiweka kwa mkono, siiachii mashine inichagulie. Tangu siku ile kamera si ile."

"Unasema nimeiharibu makusudi?"

"Nasema nilichokikuta."

"Haya," akasema Odiel, akaketi.

Mwenyekiti wetu, Camiel, mchinjaji wa nguruwe asiyependa maneno mengi, akapiga meza. "Jumapili ijayo lete kamera mpya. Utapiga ndege watano hapa hapa, sote tukiona. Rangi zikitoka sawa, kosa ni la ile ya zamani, na Odiel atakuwa na la kujibu. Zisipotoka sawa, Achiel, jina lako tunalifuta kwenye kurasa zetu. Tumeelewana?"

Nyumbani kwa Achiel, mkewe Lutgart alikuwa akimenya viazi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua kisu.

"Kamera mpya kwa pesa ipi? Ile ya safari yetu ya hija Lourdes?"

"Bikira Maria atanielewa."

"Atakuelewa yeye, mimi je? Kaazime kwa mtoto wa dada yako."

"Huyo? Nitajuaje hajaichezea?"

"Mungu wangu, Achiel! Hata mtoto wa dada yako?" Akatupa kiazi kwenye maji. "Na Odiel. Umemwambia Odiel maneno yale mbele ya watu. Usiku unalala?"

Alikuwa halali, lakini hilo hakulisema. Jina lake tu ndilo lililomzunguka kichwani. Baba yake alikufa bila nyumba wala shamba, akamwachia jina ambalo hakuna aliyewahi kulitilia shaka, na sasa lilikuwa likitafunwa kaunta pamoja na vipande vya jibini.

Jumanne akaendesha gari mpaka Tielt kutazama kamera iliyotumika. Mwenye nayo akamfungulia mlango kwa tabasamu, akamkaribisha kahawa na andazi la waffle la moto. Achiel akamkagua yule mtu kwa macho. Mwenye kamera nzima ana haja gani ya kukukirimu hivyo? Akala waffle, akashukuru, akaondoka bila hata kuigusa kamera. Jumatano akashinda kwenye kompyuta akisoma watu wanasemaje kuhusu kamera. Waliosifu aliona wamelipwa na kiwanda, waliokashifu aliona wamelipwa na kiwanda cha jirani. Ikafika jioni amejichosha tu.

Alhamisi akaenda Kortrijk, kwenye duka la kamera karibu na mto. Na hakwenda peke yake. Alibeba begi lenye kamera ya zamani, na mkono wa pili sanduku lenye matundu, ndani yake njiwa jike, Mia, jicho lake rangi ya chungwa ambayo Achiel aliijua tangu ndege ni kifaranga.

"Mzee, huyo ni wa nini?" akauliza muuzaji, msichana mrefu aitwaye Annelore.

"Ndiye shahidi wangu. Kamera itakayomsema kweli, hiyo ndiyo nitakayoinunua. Na usinipe ile mnayotaka kuimaliza dukani. Nawajua."

Msichana akacheka, na Achiel akakiandika kicheko hicho kichwani. Akaletewa kamera mpya. Akamwomba Annelore amshike Mia, akafumba jicho la kushoto, akaweka la kulia kwenye kijidirisha cha kamera, akazungusha kitufe cha rangi mpaka akaridhika, kama alivyofanya siku zote. Akapiga. Wakaitazama picha pamoja kwenye kioo kikubwa cha duka.

Zambarau.

"Mnaona!" akafoka Achiel. "Nayo mbovu! Ipya kabisa na imeshaharibika!"

Annelore akamkabidhi Mia, akaichukua ile kamera ya zamani kutoka kwenye begi, akarudisha kitufe cha rangi mahali pa mashine kujichagulia, akapiga picha moja. Chungwa. Chungwa la Mia hasa, hata kale kamstari keusi pembeni kakaonekana.

"Umefanya nini?" akauliza Achiel, sauti imeshuka.

"Nimeiachia mashine ichague rangi, basi."

"Umefanya kitu. Rudia."

Akarudia. Chungwa. Achiel akapiga tena kwa ile mpya, taratibu, akizungusha kitufe kwa uangalifu wote wa miaka kumi na tisa. Zambarau. Mteja aliyekuwa akichagua begi akasogea kuangalia, na Achiel akamtazama mpaka akarudi kwenye mabegi yake.

Annelore akachomoa karatasi kwenye mashine ya kuchapia, akamwinulia. "Mzee, usinikasirikie. Fumba jicho la kushoto. Karatasi hii rangi gani?"

"Nyeupe. Mnanichezea?"

"Sasa fumba la kulia."

Achiel akafumba la kulia, na karatasi ikageuka. Ikawa nyeupe kweli, nyeupe ya theluji iliyoanguka sasa hivi. Akabadilisha jicho: njano, kama ukuta wa mkahawa enzi za wavuta sigara. Akabadilisha tena. Na tena. Mia akahangaika mkononi na yeye hakumhisi.

"Bibi yangu alikuwa nayo," akasema Annelore polepole. "Mtoto wa jicho. Inakuja kidogo kidogo, hujui. Jicho lako linaona njano, nawe unaongeza buluu mpaka liridhike. Kamera yako haina ubaya wowote. Nenda kwa daktari, wanaitoa vizuri tu siku hizi."

Achiel akaketi kwenye kigoda cha wateja. Kwanza akamshuku msichana, na nani angemtarajia afanye vinginevyo? Duka gani linakataa kuuza? Labda ana ndugu daktari. Lakini karatasi ilikuwa mbele yake, na macho yalikuwa yake mwenyewe, na hapo hapakuwa na mtu wa tatu wa kumsingizia. Miaka yote ametazama mboni za ndege wa watu akitafuta dosari, na yake ilikuwa ikioza.

Kisha wazo likamjia, na likamtisha kwa jinsi lilivyokuja tayari, limekamilika.

"Binti. Nikinunua hii mpya, na hicho kitufe nisikiguse, mashine ijichagulie yenyewe. Picha zitatoka sawa?"

"Zitatoka sawa."

"Hata nikipiga mimi?"

"Hata ukipiga wewe. Lakini hiyo ya zamani nayo ingetoka sawa, mzee. Umeona."

Alikuwa ameona. Ila wale wa Zandhoek hawakuona. Atoe kadi, alipe, Jumapili apige ndege watano mbele ya Camiel, na jina lake lirudi safi kama lilivyokuwa. Kosa lingekuwa la kamera ya zamani, na aliyeishika kamera ya zamani alikuwa Odiel. Macho angekwenda kutibiwa kimya kimya, mjini, nani angejua? Kadi ilikuwa imeshatoka kwenye pochi. Aliishikilia juu ya kaunta mpaka Annelore akauliza kama anataka kunywa maji.

"Unanunua, mzee?"

Jumapili mkahawa ulijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Vikapu vitano mezani. Odiel amekaa kona ya mbali, peke yake, na kiti cha jirani yake hakuna aliyekikalia. Achiel akaingia na begi lake kuukuu.

"Mpya iko wapi?" akauliza Camiel.

"Sikununua."

Akawaeleza. Duka, Mia, karatasi, jicho. Aliongea akitazama sakafu, na alipomaliza, yule yule wa kaunta akasema, "Wiki iliyopita kamera, wiki hii jicho. Wiki ijayo atasingizia nyonga!" Mkahawa ukalipuka kwa vicheko.

"Alete cheti cha daktari!"

"Vyeti vinanunuliwa, bwana wee!"

Achiel akabaki amesimama, begi mkononi, mashavu yakimwaka. Hakuweza hata kukasirika. Angekuwa yeye kaunta, angesema hayo hayo, na pengine makali zaidi.

Odiel akainuka kwenye kona yake. Watu wakampisha. Akatoa mfukoni kikuzio, kile kioo kidogo tunachowatazamia njiwa, na tochi yake ya banda.

"Kaa," akasema.

Achiel akakaa. Odiel akamshika taya kwa vidole viwili, kwa ile namna yetu ya kumtuliza ndege, akakigeuza kichwa chake kuelekea dirishani, akainama. Akatazama muda mrefu.

"Camiel. Njoo uone."

Camiel akaja, akatazama, akaguna. Akaja wa tatu, akaja wa nne, mwisho ikawa foleni, kila mmoja akimshika Achiel kichwa na kukiinamisha apendavyo, na Achiel akigeuzwa huku na huku.

"Mboni imekuwa ya kahawia, jamani."

"Tena katikati kuna ukungu. Angalia hapa."

"Huyu kwenye mauzo hatumwingizi, hata kwa bei ya supu!"

Safari hii kicheko kilikuwa kingine, na Achiel mwenyewe akacheka, machozi yakimchuruzika kwa mwanga wa tochi. "Basi mmeniamini?" akauliza.

"Jicho tumeliamini," akasema Odiel, akirudisha kioo mfukoni. "Wiki nzima, Achiel, watu wananipita bila salamu. Mwoka mikate ananipa mkate anatazama pembeni. Mke wangu kalia kanisani. Ungeinunua ile kamera, mimi ningezikwa hivyo."

"Najua. Ndiyo maana sikuinunua."

"Hilo halinitoshi. Ulinisema mbele ya watu."

Miaka sabini na moja hakuna aliyewahi kumsikia Achiel Verbrugghe akiomba radhi, hata Lutgart, ambaye alistahili kuisikia kila wiki. Achiel akasimama, akavua kofia.

"Odiel, nisamehe. Hukuharibu kitu chochote, ni mimi tu..."

Akakohoa, akageukia mlangoni kwenye watu waliosimama nyuma, akaanza upya tangu mwanzo ili nao wasikie.