Dawa Ambayo Apolonia Hakuwa Nayo

Apolonia alizaliwa Kipatimu, na kwa miaka sita sasa kazi yake ni kutunza panya wa maabara huko Dar es Salaam. Panya hao huambukizwa vijidudu vya tumbo, kisha watafiti husubiri mwaka na zaidi kuona nani atapata saratani. Wanaopata hupewa dawa ya majaribio, na Apolonia huwapima uzito kila Jumatatu.

Mwezi wa pili, panya tisa walipungua uvimbe. Kwa furaha akampigia simu mama yake. Kabla ya Pasaka, Kipatimu nzima ilikuwa na habari: Apolonia amepata dawa ya saratani ya tumbo.

Alipokwenda likizo mwezi wa sita, alimkuta Romani, mdogo wa marehemu baba yake, amebaki mifupa mitupu. Kila anachokula anatapika.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umeniletea?"

"Nini?"

"Dawa. Zahanati waliniambia niende mjini nikapimwe. Nikawajibu, mwanangu analeta dawa."

Apolonia akaketi karibu naye. Akaeleza kwamba tumbo la panya si kama la mtu, hata kutapika panya hawezi. Tena kundi la pili la panya dawa ileile haikuwasaidia kitu. Alirudia mara tatu. Romani akageukia ukutani.

"Panya unawapa. Mimi damu yako unaninyima."

"Baba, ningekuwa nayo ningekunyima?" Alisema kwa sauti kubwa hata mama yake akatoka jikoni.

Siku ya tatu Romani alikubali shingo upande kwenda kupimwa. Wakashuka milima kwa pikipiki, Apolonia nyuma akimshikilia asianguke. Mjini Romani akaingiziwa tumboni kipimo cha kamera, na daktari akamwita Apolonia pembeni.

"Mngekuja miezi mitatu iliyopita tungeukata uvimbe wote. Sasa tunaweza kumfungulia njia ya chakula tu."

Romani alipasuliwa wiki hiyohiyo. Siku hizi anakunywa uji na supu, na hatapiki. Lakini wageni wanaokuja kumjulia hali anawaambia Apolonia alificha dawa kwa kuogopa kufukuzwa kazi, na wapo wanaoamini.

Apolonia amechoka kujitetea. Kila Jumapili anapiga simu kumuuliza kama amekula.

"Nimekula," Romani anajibu, kisha anampa simu mama yake Apolonia.