Jina Ambalo Maryamu Hakulitaja

Maryamu aliolewa Kwaluguru, kijiji cha Handeni, akiwa na miaka kumi na minane, na tangu siku hiyo hakulitaja jina la baba mkwe wake. Alimwita "mwenyewe". Mwenyewe ameshakula. Mwenyewe yuko shambani. Hata alipokufa na kuzikwa, alibaki kuwa mwenyewe. Ndivyo mkamwana wa Kizigua alivyolelewa, kabla ya zama hizi ambapo mkamwana anampigia mkwe simu na kumwita jina lake kama anamwita kondakta.

Mumewe akafa, wifi yake Hajira naye akafa, na wote waliomjua mzee yule wakaisha. Akabaki Maryamu na miaka yake sabini na mitano, pamoja na Yusra, binti wa Hajira, aliyelima ekari tatu alizoachiwa na mama yake.

Yusra hakuzaliwa Kwaluguru. Hajira alimfuata mume Taveta, ng'ambo ya mpaka, kwenye mashamba ya mkonge. Mume huyo, mtu wa mbali ambaye hakuna aliyejua vizuri kwao, akafariki, naye Hajira akarudi na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Kwa miaka arobaini hakuna aliyeuliza kitu. Mtoto alijulikana ni wa nani, basi. Kisha kijiji kikaanza kupima mashamba ili watu wapewe hati za kimila, na mjumbe mmoja wa kamati akasema mgeni hapewi hati, na kwenye cheti cha kuzaliwa cha Yusra imeandikwa Kenya.

Yusra akaenda uhamiaji. Aliporudi alimkuta Maryamu anapukuchua mahindi, akaketi kumsaidia.

"Kuna njia mbili, mama. Ya kwanza inaitwa tajnisi. Naandika kwamba mimi ni mgeni, naomba uraia. Wananitangaza gazetini, mwenye pingamizi aseme. Wakinikubali, nakuwa raia kuanzia siku hiyo."

"Na miaka yote uliyolima hapa?"

"Nilikuwa mgeni."

Maryamu akatema mate pembeni. "Ya pili?"

"Kurithi kwa mama. Ikithibitika kwamba mama alikuwa raia wa kuzaliwa, basi mimi ni raia tangu nilipozaliwa kulekule Taveta. Hapo siombi, nadai changu. Ila anatakiwa mtu aliyemjua babu, aape kwamba babu alizaliwa hapa."

"Mtu gani huyo?"

Yusra akamtazama tu.

Wiki iliyofuata wakapanda basi, wakabadilisha Segera, wakafika Korogwe kwa wakili aitwaye Obadia, kijana wa Kishambaa mwenye mashine ya kuchapa iliyokataa kustaafu.

"Shikamoo, bibi. Baba yake Hajira alizaliwa wapi?"

"Marahaba. Kwaluguru. Alinionyesha mahame ya nyumba aliyozaliwa. Mawe ya jiko yapo hadi leo."

"Aliitwa nani?"

"Aliitwa."

"Ndiyo, aliitwa nani?"

"Aliitwa na waliomzaa."

Obadia akaweka kalamu chini. "Bibi, au umelisahau?"

"Nitalisahau vipi? Miaka hamsini na saba nalikwepa kila siku. Ningelisahau, ningelikwepaje?"

Wakili hakucheka. Alisogeza kiti. "Na ukilitaja, kunatokea nini?"

 Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza Maryamu hivyo, wala yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kulitaja."

Wakatazamana wote watatu, na kila mmoja alitaka kujua.

Kwanza Maryamu alijaribu ujanja. Akaomba kalamu, na kwa mwandiko aliofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, herufi moja moja, akaliandika. Obadia akasoma, akatikisa kichwa kwa heshima. "Vizuri, bibi. Lakini kiapo ni cha mdomo. Lazima nikusikie."

Maryamu akasimama. Akavua kandambili, akavuta kanga hadi machoni, akageukia ukuta ulioelekea Handeni. Akalitaja, lote, pamoja na la baba wa mzee huyo.

Nje bodaboda ikapiga honi. Mashine ikaanza kugonga. Maryamu akaomba maji, akatoka barazani, akasukutua kinywa mara tatu.

"Kumetokea nini, mama?" Yusra akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna. Nimemwona tu. Amekaa, anashona jamvi."

"Amekasirika?"

"Hakuinua kichwa."

Barua ya uhamiaji ilikuja baada ya miezi mitano. Maryamu alitaka asomewe yote, tangu muhuri wa juu. Yusra akasoma: kwamba ni raia kwa kurithi, tangu siku aliyozaliwa, kwa kuwa mama yake Hajira alikuwa binti wa. Hapo akasita. Kwake lilikuwa jina la babu tu, angeweza kulitaja atakavyo. Maryamu alikuwa ameshainamisha kichwa, kanga mkononi, anasubiri.

"Binti wa mwenyewe," Yusra akasoma, akaendelea na mstari uliofuata.