Unyayo Nyuma ya Karatasi

Chumba chenye dirisha la barabarani kilikuwa haki yangu, na nitalisema hilo mpaka naingia kaburini. Mimi ndiye niliyetangulia kupanga katika nyumba ile ya Vallejo, huku Marekani, na mimi ndiye mwenye kifua kinachotaka hewa. Lakini Ate Sepa alipohamia akachukua vyumba viwili kwa mpigo, chake na kile cha dirisha, mimi nikabakiziwa kijichumba cha nyuma kinachotazama mapipa ya taka. "Cha dirisha ni cha Rowena," akaniambia. Nikamuuliza huyo Rowena anakuja lini. "Karibuni," akasema. Ulikuwa mwaka 2007.

Tulimwita Ate, yaani dada mkubwa, kwa kuwa alituzidi umri wanawake wote wa nyumba ile. Jina lake kamili ni Josefa Arvisu, mjane wa mji wa Liliw, kule kwetu Ufilipino, mwenye mtoto mmoja tu, Rowena. Mimi ni Ditas. Tulifanya kazi pamoja katika nyumba ya kulelea wazee, wazee sita wa Kimarekani, tunawaogesha, tunawalisha, tunasikiliza hadithi ileile mara nne kwa siku. Ate Sepa alikuwa na subira nao kuliko mimi. Mimi mzee akinitemea uji namwambia ukweli wake.

Huko kuchelewa kwa Rowena kulianza kabla hajazaliwa. Kaka yake Sepa alikuwa mpishi katika jeshi la majini la Marekani, akapata uraia, akawaombea ndugu zake wote ukaazi mwaka 1984. Wakati huo Sepa alikuwa na mimba. Karatasi ilikaa kwenye foleni mpaka ile mimba ikawa msichana wa miaka ishirini na miwili, na sheria ilimruhusu mama kuja na mtoto ambaye hajatimiza ishirini na mmoja. Mwaka mmoja tu. Sepa alikuja peke yake, akapewa kadi yake ya kijani ya ukaazi, na kitu cha kwanza alichofanya, kabla hata ya kununua koti, ni kujaza fomu ya kumwombea binti yake.

Sasa, hiyo fomu ina sharti lake. Mwenye kadi ya kijani anaweza kumwombea mtoto wake mkubwa, mradi mtoto huyo hana mume wala mke. Akifunga ndoa, hata iwe siku moja kabla ya kupewa visa, karatasi inakufa papo hapo na miaka yote ya foleni imekwenda na maji. Watu wa kwetu tunalijua sharti hilo kama tunavyojua Baba Yetu. Ndiyo maana kila Jumamosi jioni, kwao ikiwa Jumapili asubuhi, Ate Sepa alipiga simu akauliza habari za kuku, za paa, za misa, kisha mwishoni akashusha sauti. "Hujaolewa?"

"Sijaolewa, Mama."

"Vizuri, mwanangu. Subiri kidogo."

Mama wa aina gani huyo, wenzake wanasali novena, siku tisa mfululizo, mabinti wapate waume, yeye anasali wasipatikane. Nilimtania hivyo wala hakucheka. Simu ya picha hakuitaka kabisa. Alisema hawezi kutazama kitu asichoweza kukishika, basi yeye na sauti tu.

Na kila mwaka alituma boksi. Mnalijua boksi letu, lile kubwa linalofika kiunoni: nyama za kopo, sabuni, kahawa, chokoleti, taulo, na lazima viatu. Viatu kwa sababu mama anapenda kumvisha mwanawe miguu. Ili visimbane, Rowena alisimama juu ya karatasi, akachora unyayo kwa penseli, akautuma kwa posta. Sepa aliukata kwa mkasi akaenda nao dukani, akautumbukiza ndani ya kiatu kimoja kimoja mpaka wauzaji wakachoka naye. Mimi ndiye niliyekalia mfuniko wa boksi wakati yeye akivuta gundi, maana mimi, kama anavyopenda kusema, Mungu alinipa uzito kwa kazi hiyo.

Miaka kumi na miwili tulifunga maboksi. Godoro la chumba cha dirisha halikuwahi kuvuliwa plastiki yake. Mimi nilikohoa kule nyuma na mapipa yangu.

Halafu Februari ya 2019 barua ikaja. Zamu ya Rowena ilikuwa imefika, aende ubalozini Manila mwezi wa sita kwa mahojiano. Ate Sepa alikaa sakafuni jikoni akalia mpaka wali ukaungua. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumsuta kuhusu wali huo nikajikuta na mimi nalia. Wiki hiyohiyo akamwagiza Rowena unyayo mpya, amnunulie viatu vya kufunika vidole, asije akasimama mbele ya wakubwa na ndala.

Unyayo ukafika. Ate Sepa akachukua mkasi, akaigeuza karatasi apate pa kuanzia, akaganda.

Nyuma ya karatasi palikuwa na unyayo mwingine. Mdogo, wa kalamu ya rangi nyekundu, umechorwa ovyo, na kila kidole kimepakwa kucha. Mtoto amemwona mtu mzima anachora mguu, naye akaweka wake.

"Labda wa jirani," nikasema. Nilijua ninachosema ni upuuzi.

"Wa jirani," akajibu. Akavua soksi yake, akauweka mguu wake pembeni ya karatasi. Kidole chake cha pili kimekipita cha gumba. Cha Rowena hivyohivyo. Na kile chekundu, hivyohivyo.

Jumamosi ile hakupiga simu, wala iliyofuata. Aliwaogesha wazee kama kawaida, akapika mchuzi wa ukwaju kama kawaida, na akinyamaza yule mwanamke ananyamaza kama maji mtungini. Nilivumilia siku kumi, na kwangu siku kumi ni nyingi. Nikamwambia, "Ate, uliza. Unakaa roho juu bure."

"Nikiuliza akasema ameolewa, karatasi imekufa," akasema. "Nisipouliza bado ni nzima."

"Ubalozi watauliza. Akidanganya kule, wanamfungia mlango maisha."

Hilo alilijua kuliko mimi. Jumamosi ya tatu akakaa kitandani kwa Rowena, juu ya ile plastiki, akapiga. Sikio lake la kushoto ni bovu, kwa hiyo simu zake anazifungulia sauti. Sikudukua, nilikuwa nimesimama mlangoni tu.

"Mama, nilidhani unaumwa," sauti ya Rowena ikasema.

"Nyuma ya karatasi kuna mguu."

Kule jogoo akawika, nikamsikia.

"Ni wangu, Mama. Anaitwa Ningning. Ana miaka saba."

"Umeolewa lini?"

"Sijaolewa."

"Rowena."

"Sijaolewa, Mama. Si ulisema nisubiri? Baba yake ni Rodel. Kila mwaka anataka tuende kwa padri, kila mwaka namwambia subiri karatasi ya Mama. Siku ya ubatizo padri alituuliza mbele za watu kama sisi ni mke na mume, nikasema bado. Shangazi zako wote walikuwepo. Waliangalia sakafu."

"Shangazi zangu wanajua?"

"Wote wanajua, Mama. Jumapili asubuhi Ningning tunampeleka kwa jirani mpaka simu iishe. Tuliogopa ukisikia mtoto utadhani ndoa ipo, presha itakupanda uko peke yako huko."

Mji mzima, miaka saba, umemficha bibi mjukuu wake kwa kumwonea huruma. Hapo mimi uvumilivu ukaniishia. Nikaingia chumbani nikainamia simu. "Wee Rowena, mimi Ditas. Sikiliza. Kama hujaolewa karatasi ni nzima. Mtoto unakuja naye, sheria inaruhusu. Ukishafika unafunga ndoa na huyo Rodel, unamwombea, naye anakuja. Tatizo liko wapi?"

"Inachukua muda gani, shangazi?"

"Miaka miwili. Mitatu. Ikizidi sana minne."

Akavuta pumzi. "Mimi nazijua simu za Jumapili, shangazi. Mama aliondoka nikiwa mtu mzima, na bado nikikata simu nilikaa chini ya ngazi nikalia kama mtoto. Ningning hulala na mkono wake kwenye sikio la baba yake. Sitaki azijue hizo simu." Kisha akaongea polepole. "Lakini Mama, ukisema nije, nitakuja. Umenisubiri muda wote huu. Siwezi kukukatalia mlangoni."

Ate Sepa akasema, "Nipe mpaka Jumamosi," akakata.

Wiki ile nilimsema sana. Nilimwambia amlete. Nilimwambia magoti yake yamekwisha, ana miaka sitini na sita, nani atamuogesha yeye siku ikifika. Akanitazama. "Wewe mwanao ulimleta, Ditas."

"Nilimleta."

"Yuko wapi?"

Yuko Texas. Hunipigia Krismasi. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Jumamosi akapiga mapema. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani, sijui kwa nini, na mimi safari hii nilikaa kabisa pembeni yake.

"Huyo Rodel," akaanza, "anafanya kazi gani?"

"Fundi viatu, Mama. Ana karakana nyuma ya kanisa."

Ate Sepa akanigeukia, midomo ikimtetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Miaka yote hii ninatuma viatu kwa fundi viatu?"

"Anavipanga kabatini. Anasema vimeshonwa vibaya lakini boksi ni zuri."

Alicheka mpaka akafuta macho, kisha sauti ikabadilika. "Nenda kwa padri, mwanangu. Muandikishe majina."

"Mama, karatasi."

"Karatasi niliiomba mimi, na mimi naiacha. Niliitaka ili niwe na wewe. Sikuitaka ili ukasimame kanisani watu waangalie sakafu. Nisamehe. Nilikuwa nakuuliza swali baya kila Jumapili, na wewe unanijibu kwa adabu."

Rowena alilia kule, huku tukalia sisi. Msione ajabu, karatasi ile ilikuwa na sisi muda mrefu kuliko waume zetu. Katikati ya kilio ikaingia sauti ya mwanamume, nzito, yenye woga.

"Shikamoo, Mama. Ni Rodel. Mimi naomba unyayo wako. Nikushonee makubazi ya harusi."

"Marahaba, baba. Nitautuma."

"Na utaandika unataka yapi. Yapo ya safari, soli ngumu. Na yapo ya nyumbani, soli laini, hayo ni ya mtu wa kukaa. Na Ningning hapa nyuma yangu anasema uandike pia rangi."

"Nitaandika," akasema Ate Sepa.

Tulichora siku ileile, kabla ya zamu ya jioni. Nilipiga magoti, na magoti yangu si mazuri kuliko yake, nikatandika karatasi sakafuni katika chumba cha dirisha. Yeye akasimama juu yake amenishika bega. Penseli ilimtekenya, akawa anajikunyata, nikamwambia atulie, tangu lini mtu mzima anachezacheza. Miguu yenyewe imevimba, imepasuka visigino, ile iliyosimama kwa wazee wa watu miaka kumi na miwili. Nilizunguka taratibu kidole cha pili, kile kirefu, nisikipunguze.

"Andika nyekundu," akasema. "Kama ile kalamu yake."

Nikaandika nyekundu.

"Andika ya nyumbani."

Nikainua uso. Nilidhani anakwenda harusini kisha arudi, wiki tatu, nne. Nilikuwa nimeshamwombea likizo kazini.

"Ate," nikamwambia, "ukikaa huko muda mrefu kadi yako itapotea."

"Najua. Andika, Ditas. Soli laini." Akanibonyeza bega. "Na chumba hiki kihamie wewe, umekililia vya kutosha. Toa hiyo plastiki, godoro zuri lile."

Nikamwambia sikitaki. Nikamwambia kifua changu kimeshazoea kule nyuma, na dirisha hilo linaingiza baridi, na nani amwambie kwamba nilikuwa nakililia. Yeye akawa bado amesimama juu ya karatasi, ananingoja niandike.