Seti Mbili Dhidi ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu simpendi. Naandika hivyo bila kuzunguka, maana nimezunguka miaka minane na haikunisaidia. Yeye naye hanipendi, ila yeye husema.

Ni mzee wa Magu, mstaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba, na tenisi alijifunza kwenye uwanja wa udongo wa kiwandani enzi za ujana wake. Mwaka juzi aliamua kwamba binti yetu wa miaka sita ahamie kwake akasome huko, kwa sababu sisi wa mjini tunamlea kwa simu na chipsi. Mke wangu hakutaka. Mimi nilikataa zaidi yake, lakini nilikatalia jikoni. Mzee aliponialika tucheze Jumapili, kwenye uwanja ulio kando ya ziwa hapa Mwanza, nilijiambia: nikimshinda huyu, nitapata mdomo wa kumwambia mtoto haendi popote.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Yeye alikuwa na sabini, goti moja limefungwa bandeji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umenenepa."

Uwanja ule hauna mwamuzi. Mpira ukianguka upande wako, wewe ndiye unayesema umeingia au umetoka. Nilipiga wa kwanza, nikauona ukitimua vumbi ndani ya mstari kabisa.

"Nje," akasema.

"Sawa, baba."

Kwetu Usukumani mkwe hapingwi mbele za watu, na mke wangu alikuwa amekaa kwenye benchi na mama zake wadogo wawili. Akasema nje mara ya pili, ya tatu, ya nne. Sawa, baba. Baya zaidi, kila zamu yake ya kuanzisha ilipofika, sikumrushia mipira kama wanavyofanya watu. Nilitembea hadi kwenye wavu nikamkabidhi kwa mikono miwili, nimeinama kidogo. Yeye alisimama akinisubiri, anapumzisha goti lake. Aliyekuwa anahema ni mimi.

Usidhani aliniibia mechi. Alinionea kwenye mipira minne tu. Iliyobaki niliiharibu mwenyewe: hasira zilinipanda, nikawa napiga kila kitu kwa nguvu, wavuni, kwenye uzio, mmoja ziwani. Sita kwa moja, sita kwa mbili. Watu husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi nilikubali kabla hatujaanza.

Hata jasho halijakauka, akaniambia, "Jumamosi nakuja kumchukua mjukuu wangu. Mfungashieni nguo zake."

"Sawa, baba," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe. Mdomo ulikuwa umelizoea asubuhi nzima. Mke wangu alinitazama kama mtu aliyemkuta mwizi ndani kwake. Nilimchukia mzee, nikawachukia wale mama wadogo waliokuwa wakitabasamu kwa kuridhika, na zaidi ya wote nilijichukia mimi. Nilikuwa nimeiita adabu, kumbe ni woga. Mzee alikuwa anafunga zipu ya mfuko wa raketi. Nikamfuata.

"Baba, nimekosea. Mtoto haendi."

"Si umesema sawa?"

"Nimesema, na nimekosea kusema. Haendi Jumamosi, wala haendi mwezi ujao."

Mama mdogo mmoja akashika kifua. Mzee hakufoka. Alitupa mfuko begani, akasema, "Basi na mimi kwako sina njia," akaondoka akichechemea.

Hajakanyaga kwetu tangu siku hiyo. Krismasi ilipita, akatuma salamu kwa mke wangu peke yake. Sijamwomba msamaha na sitamwomba. Mwezi uliopita binti yangu aliniuliza kwa nini babu haji. Nikamwambia nilimkatalia kitu. Akauliza kitu gani.

"Wewe," nikamjibu.