Mgongo Wangu na Oili Mbili

Niliamini, kwa moyo wote, kwamba tiba mbili zikikutana ndani ya mwili zinapigana, na mgonjwa anakauka palepale kama nguzo ya umeme. Habari hiyo niliipata mtaa wa Bwiza, kwa kinyozi, kutoka kwa mteja aliyesema shemeji yake alimeza kidonge wakati sindano haijaisha mwilini, akagandia chooni mpaka wakang'oa mlango. Sikuuliza swali hata moja. Mimi ni makanika, na makanika yeyote wa Cibitoke atakuambia usichanganye oili mbili kwenye injini. Ilinikaa kichwani vizuri sana.

Kwa hiyo mgongo uliponishika, kwa maumivu yaliyosikika nadhani mpaka ng'ambo ya ziwa, nilijitibu kwa nidhamu: tiba moja mpaka iishe, ndipo nyingine. Nilichomwa sindano ndefu kama antena ya redio. Nikawa kijana kwa muda, kisha mgongo ukarudi na hasira. Nikahamia kwa mama mmoja wa Jabe, mkandaji mwenye vidole vya chuma. Nikamwacha, nikameza vidonge. Kila kimoja kilisaidia kidogo, kikachoka.

Wakati wote huo sikuweza kuingia chini ya gari. Wenzangu gereji waliniweka kwenye kiti getini nipokee wateja.

"Muheshimiwa wa kiti," waliniambia, "leo umesaini nini?"

Nilicheka nao. Nikatundika hapo getini diploma yangu ya masomo ya jioni, kiti kipate hadhi. Lakini makanika asiyelala chini ya gari, wataendelea kumwita makanika mpaka lini?

Mwishowe daktari mmoja alinipokea kwenye kituo cha afya ambako anatibu pamoja na dada wa mazoezi ya viungo, tunayemwita kine, na mshauri wa mambo ya usingizi na woga. Vidonge, mazoezi na ushauri, vyote kwa mpigo. Nikaona wameunda kamati ya kuniua. Kimyakimya nikavigawa: wiki hii vidonge, wiki ijayo mazoezi.

Kine alinishtukia. "Papa, mazoezi unafanya?"

"Nafanya. Ila wiki ya vidonge mi sifanyi."

"Juu ya nini?"

Nikamweleza yote: oili, kinyozi, shemeji, choo. Alicheka mpaka daktari akachungulia.

Leo naandika haya nikiwa na grisi mikononi, nimetoka chini ya Corolla. Siku nyingine mgongo unauma bado, lakini kwa adabu, na kiti cha getini wanakalia wateja. Jibu la kine nalikumbuka lote, alilitoa akijifuta macho:

"Apana, papa. Kidonge na kidonge kingine, uliza daktari kwanza. Lakini kidonge na mazoezi havipigani. Kidonge kinapunguza maumivu ili uweze kujinyoosha, na kujinyoosha kunatia mgongo nguvu. We ulikuwa unavitenganisha, ndiyo maana hakuna kilichomaliza kazi. Sasa lala chini, tuanze."