Mwalimu wa Kwaya na Paka Wake

Jirani yetu hapa Chimwaga ni mwalimu wa kwaya, na mikono yake haijui kutulia. Akikusalimia anapiga mdundo kwenye geti. Akisubiri ndoo ijae maji, vidole vinaongoza wimbo anaousikia peke yake. Paka wake alipoanza kutapika na kukataa chakula, mpaka fizi zikawa za manjano, daktari wa mifugo alimwambia, "Ini limejaa mafuta, Mwalimu. Asipokula tutampoteza." Basi akawa anamviringisha kwenye kanga na kumlisha uji wa samaki kwa bomba la sindano, tone kwa tone, akimbembeleza kwa ile sauti yake nzito: "Meza, mama. Kidogo tu, mama."

Jumamosi sisi wanakwaya wake tulikuwa uani kwake kwenye mazoezi. Sauti ya tatu ilikosea tena, tukajikunyata tukingoja kufokewa. Mwalimu akainua mkono, macho yamemtoka. "Nyamazeni! Sikilizeni!" Nyuma ya benchi kitu kilikuwa kinatafunwa. Paka alikuwa amejikokota hadi kwenye bakuli la Penina, mwimbaji mwenzetu, na anakula dagaa mwenyewe, bila kulishwa na mtu.

"Jamani, chakula changu!" Penina alisema.

"Mwache! Mwache ale!" Mwalimu alikuwa anarukaruka kama mtoto, machozi yakimtiririka, na hakuyafuta. Bakuli lilipobaki tupu, paka akainua kichwa akalia.

"Anataka tena! Nani ana dagaa nyumbani?"

Kwaya nzima ikatoka getini mbio.